UZI: Wanahoki waliopita chuo cha Lowell, kutoka barafu ya Tsongas hadi Kombe la Stanley

#1 Mleta uzi (Lowell, Massachusetts)

Wakuu salaam. Jukwaa hili limejaa Simba, Yanga, Gor Mahia na Ligi Kuu ya Uingereza, na mimi pia nazisoma hizo nyuzi. Leo naomba nafasi kwa mchezo ambao wengi wetu huupita kwenye runinga bila kusimama: hoki ya barafu. Nataka tuongee habari ya kuwafuatilia wachezaji waliotoka vyuoni. Kijana umemwona akiwa mwanafunzi. Akimaliza anakwenda wapi, anacheza ligi gani, anadumu au anapotea?

Msimamo wangu nauweka mapema. Usiku wa drafti, pale timu zinapochagua vijana wapya kwa zamu, haukuambii mengi kuhusu mwanahoki. Miaka mitano baada ya chuo ndiyo inayosema. Na anayetaka kuliona hilo kwa macho yake achague chuo kidogo, akifuatilie kwa miaka.

Kwa wageni wa mchezo: ligi kuu ni NHL, timu 32 za Marekani na Kanada, na bingwa huchukua Kombe la Stanley. Chini yake kuna AHL, yenye timu 32 pia, ambako vijana hukomazwa. Chini zaidi kuna ECHL, ligi ya safari ndefu za basi na mishahara midogo. Ulaya nako kuna ligi nzuri tu: Finland, Sweden, Ujerumani, Uswisi. Karibu theluthi moja ya wachezaji wa NHL siku hizi wamepita chuo cha Marekani. Zamani haikuwa hivyo hata kidogo. Njia ilikuwa ligi za vijana za Kanada, na mtu wa chuo alionekana ni msomi aliyepotea njia.

Mimi nafuatilia UMass Lowell, wanaitwa River Hawks. Lowell ni mji wa viwanda vya zamani vya pamba kandokando ya mto Merrimack, na Wakenya na Wakongo tupo wengi kiasi kwamba Jumapili unaweza kusali kwa Kiswahili. Uwanja ni Tsongas Center, unabeba watu kama 6,000. Chuo hiki hakipewi nafasi kwenye magazeti kama Boston University na Boston College, majirani zake wenye fedha na majina. Lakini tazameni waliotoka hapa.

Connor Hellebuyck, kipa. Alikuwa akidaka timu ya shule ya sekondari huko Michigan, hakuna ligi kubwa ya vijana iliyomtaka. Akaenda kujaribiwa Odessa, Texas, mji wa visima vya mafuta na joto, akacheza hoki huko. Mwaka 2012 Winnipeg Jets wakamchukua raundi ya tano, nafasi ya 130. Msimu wake wa kwanza Lowell, 2012-13, hakuanza kama kipa namba moja. Alipokabidhiwa lango alishinda mechi 20 na kupoteza 3, akazuia asilimia 95.2 ya mashuti. Someni tena hiyo namba. Kila mashuti 100, yanaingia chini ya matano. Msimu huo Lowell waliingia Frozen Four, yaani nusu fainali ya taifa, kwa mara ya kwanza, wakatolewa na Yale 3-2 kwenye muda wa nyongeza. Yale wakaenda wakabeba ubingwa.

Angeweza kupotea baada ya hapo. Makipa wengi wa chuo hupotea. Alikwenda AHL, St. John's, Newfoundland, akakaa msimu mzima. Winnipeg walimpandisha Novemba 2015. Leo ana tuzo ya Vezina ya kipa bora wa NHL mara tatu: 2020, 2024 na 2025. Mwaka 2025 akaongeza Hart, tuzo ya mchezaji bora wa ligi nzima. Kipa hakuwa ameichukua Hart tangu Carey Price mwaka 2015. Katika msimu huo alishinda mechi 47, na Winnipeg wakamaliza wakiwa juu ya timu zote 32.

Raundi ya tano, wakuu. Timu zote zilikuwa na nafasi ya kumchukua, zikampita mara nne na zaidi.

Si yeye peke yake. Craig MacTavish alicheza hapa mwishoni mwa miaka ya 1970, chuo kikiwa bado daraja la pili, akawa bingwa wa daraja hilo 1979. Baadaye alichukua Kombe la Stanley mara tatu na Edmonton (1987, 1988, 1990) na mara moja na New York Rangers (1994). Ndiye mtu wa mwisho kucheza NHL bila kofia ngumu kichwani; alistaafu 1997. Kisha akawa kocha wa Edmonton. Mwaka 2006 timu yake iliingia mtoano ikiwa ya nane, ya mwisho upande wake, ikafika fainali. Kipa aliyeibeba ni Dwayne Roloson, naye wa Lowell, kijana ambaye hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti. Kocha wa Lowell, kipa wa Lowell, fainali ya Stanley. Roloson aliumia mechi ya kwanza ya fainali ile, hakurudi tena. Edmonton walipigana hadi mechi ya saba, wakafungwa na Carolina. Mimi naamini kabisa Roloson angebaki mzima kombe lile lilikuwa lao.

Kisha Ron Hainsey, beki. Huyu alichaguliwa juu, nafasi ya 13 mwaka 2000, akiwa mwanafunzi wa Lowell. Alizunguka Montreal, Columbus, Atlanta, Winnipeg, Carolina. Mechi 907 za ligi bila kugusa mchezo hata mmoja wa mtoano. Hadi wakati huo hakuna mtu katika historia ya NHL aliyekuwa amesubiri hivyo. Februari 2017 Pittsburgh wakamchukua. Juni akanyanyua Kombe la Stanley. Na kwenye kikosi kilekile walikuwemo Lowell wengine wawili: Scott Wilson, aliyechaguliwa nafasi ya 209, na Chad Ruhwedel, ambaye hakuchaguliwa kabisa. Watatu wa chuo kimoja kidogo kwenye chumba kimoja cha kubadilishia nguo.

Hiyo ndiyo raha ninayoisema. Karibuni, tujadili.

#2 Mdau, Nairobi

Mkuu, uzi mtamu. Sisi huku barafu tuliyoijua ni ile ya Panari pale Mombasa Road, ambako Ice Lions, timu ya hoki ya Kenya, wamekuwa wakifanyia mazoezi. Wale jamaa walipelekwa Kanada 2018 wakacheza pamoja na nyota wa NHL, Sidney Crosby na Nathan MacKinnon, na 2024 Kenya ikapokelewa kwenye shirikisho la hoki ya barafu la dunia. Kwa hiyo tuhesabuni na sisi.

Swali langu: umesema Hellebuyck alichaguliwa 2012 halafu akaenda chuo. Inakuwaje mtu ni mali ya Winnipeg na bado anaendelea kusoma? Kwenye kikapu ukichaguliwa unahama shule.

#3 Mleta uzi

Swali zuri kaka, na hapo ndipo watu wengi hukwama wanapoanza kufuatilia.

Kwenye hoki kijana huchaguliwa akiwa na miaka 18, mara nyingi kabla hajaingia chuo au akiwa mwaka wa kwanza. Timu inapata haki ya kumsainisha peke yake, lakini yeye hajasaini chochote na halipwi na timu ile. Anasoma, anacheza, na timu inatuma watu kumwangalia. Kwa miaka mingi haki ile imekuwa ikidumu hadi tarehe 15 Agosti baada ya kumaliza miaka yake minne ya chuo. Siku hiyo ikipita hajasaini, yuko huru kwenda anakotaka.

Kwa hiyo mchezaji ana nguvu fulani mkononi, na wapo walioitumia. Jimmy Vesey wa Harvard alichaguliwa na Nashville 2012, nafasi ya 66. Alimaliza miaka minne yote, akachukua tuzo ya Hobey Baker ya mchezaji bora wa vyuo 2016, na akakataa kusaini. Nashville wakauza haki yake kwa Buffalo ili wasiondoke mikono mitupu. Agosti ikafika, akajisajili New York Rangers. Adam Fox, Harvard pia, nafasi ya 66 pia, mwaka 2016: haki yake ilitoka Calgary ikaenda Carolina, kisha ikatua Rangers 2019. Miaka miwili baadaye, 2021, alikuwa beki bora wa NHL. Karibuni zaidi kuna Isaac Howard wa Michigan State, Hobey Baker wa 2025. Yeye na Tampa hawakuelewana, na Julai ya mwaka ule haki yake ikahamia Edmonton.

Mashabiki wa timu husika hukasirika, wanamwita kijana msaliti. Mimi siungani nao. Kijana hakuchagua kuchaguliwa na timu ile, na miaka minne ya kusoma huku akicheza ameitumikia kwa haki.

Halafu kuna wale wasiochaguliwa, kama Roloson na Ruhwedel. Hao, chuo chao kikitolewa tu kwenye mashindano mwezi Machi au Aprili, simu zinaanza kulia. Ruhwedel alitoka Frozen Four ya 2013 akasaini Buffalo mwezi huohuo. Wiki hizo mbili tatu ndizo ninazozipenda kuliko drafti yenyewe, maana pale timu inamchukua mtu mzima wa miaka 22 au 23 ambaye kila mtu ameshamwona anachoweza.

#4 Ndugu wa Grand Rapids, Michigan

Mleta uzi nakuheshimu, ila hapa naomba nikupinge. Sisi tuliotoka Goma na Bukavu tupo wengi huku Michigan, na mimi nimejifunza hoki kwa kuangalia Wolverines, timu ya Chuo Kikuu cha Michigan. Unasema drafti haisemi kitu. Ndugu yangu, drafti ya 2021 ilisema kwa sauti kubwa: Owen Power wa kwanza, Matty Beniers wa pili, Luke Hughes wa nne, Kent Johnson wa tano. Wote wanne walivaa jezi ya Michigan msimu uliofuata. Beniers akawa mchipukizi bora wa NHL 2023. Kabla yao alipita Quinn Hughes, naye akawa beki bora wa ligi 2024.

Tena chukua Cale Makar wa UMass ya Amherst, ndugu wa damu wa chuo chako. Alichaguliwa wa nne 2017, kila mtu alijua ni nani. Wikiendi ile ya Aprili 2019: Ijumaa anapewa Hobey Baker, Jumamosi anapoteza fainali ya taifa 3-0 mbele ya Minnesota Duluth, Jumapili anasaini Colorado, Jumatatu anacheza mechi yake ya kwanza ya NHL, ya mtoano, na anafunga. Mwaka 2022 akachukua Kombe la Stanley, beki bora wa ligi, na mchezaji bora wa mtoano, yote msimu mmoja. Waliomchagua juu hawakukosea.

Hellebuyck ni mmoja. Vyuo vikubwa vinatoa kumi. Na tukizungumzia Hellebuyck, mtoano wa 2025 dhidi ya St. Louis alitolewa langoni mara tatu. Namba za msimu ni nzuri, lakini Kombe la Stanley hana.

#5 Mleta uzi

Ndugu wa Grand Rapids, asante kwa kuja na hoja iliyoshiba. Makar sina la kumpinga. Ile ni wikiendi ambayo haijawahi kutokea kwa mtu mwingine. Na la Hellebuyck kutolewa mara tatu ni kweli, liliniuma. Lakini alirudi langoni mechi ya saba, Winnipeg wakasawazisha ikiwa imebaki sekunde moja na ushei, wakashinda kwenye muda wa pili wa nyongeza. Kipa dhaifu wa moyo asingefika pale.

Sasa turudi kwenye hoja yako. Michigan ile yenye vijana wanne wa juu ilitolewa na Denver nusu fainali 2022, kwenye muda wa nyongeza. Sisemi hawakuwa wazuri. Nasema vyuo vikubwa huwafikisha NHL vijana ambao tayari wamejulikana. Ukiwafuatilia, unathibitisha kile ulichoambiwa wakiwa na miaka 18. Hata kwenu, mtu anayenivutia zaidi ni Zach Hyman. Florida walimchukua 2010 nafasi ya 123. Miaka yake miwili ya kwanza chuoni Michigan hakufunga sana, hakuna aliyemsema. Alibaki hadi mwaka wa nne, akakataa kusaini Florida, akaenda Toronto kupiga kazi ya kona na mbele ya lango, kazi ya kupigwa magongo mgongoni usiku kucha. Msimu wa 2023-24, akiwa na miaka 31, alifunga magoli 54 Edmonton. Nani aliliona hilo 2010?

Na ngoja niwape mechi moja ambayo kwangu inabeba uzi huu wote. Tarehe 27 Mei 2011, Boston, mechi ya saba ya fainali ya Mashariki, Bruins na Tampa Bay. Anayeshinda anakwenda kugombea Stanley. Lango la Tampa yuko Roloson wa Lowell, ana miaka 41. Lango la Boston yuko Tim Thomas wa Vermont, ana miaka 37. Mbele ya Tampa yuko Martin St. Louis, wa Vermont pia, aliyeanza chuo mwaka mmoja na Thomas, 1993.

Waangalieni hawa watatu walivyofika pale. Roloson, hakuchaguliwa. St. Louis, hakuchaguliwa, walisema ni mfupi mno. Alianzia ligi za chini, Calgary wakampa nafasi kidogo kisha wakamwacha aondoke, na 2004 akawa mfungaji bora wa NHL, mchezaji bora wa ligi na bingwa wa Stanley na Tampa, yote kwa mkupuo. Thomas alichaguliwa nafasi ya 217, akazunguka ligi ndogo na Ulaya. Alikuwa bingwa wa Finland 1998 na HIFK ya Helsinki kabla Boston hawajamwamini. Alipokuwa kipa wa kudumu wa NHL alikuwa amepita miaka 30.

Mechi ile dakika 60 waamuzi hawakutoa adhabu hata moja. Ilikwenda 0-0 hadi kipindi cha tatu, ikabaki dakika saba na nusu hivi, Nathan Horton akafunga. 1-0. Thomas akaenda kuchukua Kombe la Stanley na tuzo ya mchezaji bora wa mtoano. Mtu aliyekuwa ameziona timu za Lowell na Vermont katikati ya miaka ya 1990, kwenye viwanja vya watu elfu chache, usiku ule alikuwa anawaangalia vijana wake wakiwa watu wazima.

#6 Dada wa Minneapolis

Jamani kaka zangu, mnajadili vizuri ila mmesahau nusu ya mchezo. Huku Minnesota chuo na hoki ni kitu kimoja. Timu ya Marekani iliyowafunga Wasovieti 4-3 pale Lake Placid 1980 ilikuwa ya vijana wa vyuo, na kocha Herb Brooks alitoka hapa hapa chuo kikuu chetu. Lakini mimi nafuatilia wanawake.

Kwa miaka mingi msichana akimaliza chuo njia ilikuwa imekwisha. Kulikuwa na timu ya taifa kwa wachache, na ligi zilizofunguliwa zikafungwa. Januari 2024 ikaanza PWHL, ligi ya kulipwa ya wanawake, timu sita, na 2025 zikawa nane baada ya Seattle na Vancouver kuongezwa. Karibu kila mchezaji ametoka chuo. Kwa hiyo kufuatilia wahitimu ndiyo kufuatilia ligi yenyewe.

Wangu ni wawili. Taylor Heise, binti wa Minnesota, alisoma hapa, akawa chaguo la kwanza kabisa la drafti ya kwanza 2023, akachukuliwa na timu ya nyumbani. Wa pili ni Sophie Jaques, beki wa Ohio State, mchezaji Mweusi wa kwanza kushinda Patty Kazmaier, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo kwa wanawake, 2023. Boston walimchagua, hawakumtumia sana, Februari 2024 wakamleta kwetu Minnesota. Mei ileile tukakutana na Boston fainali! Mechi ya nne, muda wa pili wa nyongeza, Jaques akafunga goli la ubingwa. Tukaruka, wachezaji wakarusha glavu. Waamuzi wakaangalia video, wakalikataa kwa sababu kipa aliguswa. Muda mfupi baadaye Boston wakafunga upande wa pili. Nililia usiku ule, sioni haya kusema.

Mechi ya tano tukashinda 3-0, tukachukua Kombe la Walter la kwanza katika historia. Na mleta uzi unajua ilichezwa wapi? Tsongas Center, Lowell, maana ndiyo ilikuwa nyumbani kwa Boston. Heise akawa mchezaji bora wa mtoano. Mwaka 2025 tukachukua tena. Jaques sasa yuko Vancouver, namfuata huko huko.

#7 Mleta uzi

Dada, umenipiga pale pale nyumbani! Ni kweli, kombe liliinuliwa mbele ya watu wa Lowell, na Boston walikuwa wamezoea kucheza hapa. Umeuongeza uzi na nakushukuru. Nakubaliana nawe kuhusu Jaques: goli lile kwangu halikupaswa kukataliwa.

#8 Mdau, Dar es Salaam

Mkuu mimi nimeshawishika, lakini niko Dar. Mechi za huko ni usiku wa manane. Naanzia wapi? Na hawa walioshindwa kuingia NHL wanaishia wapi?

#9 Mleta uzi

Ndugu wa Dar, mechi ya saa moja jioni Boston wakati wa baridi ni saa tisa usiku kwako. Vyuo hucheza zaidi Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo unaweza kujitahidi mwisho wa wiki. Lakini AHL Jumapili huwa na mechi za saa tisa mchana. Hiyo kwako ni saa tano usiku, inawezekana kabisa. Na Ulaya ndiyo rahisi zaidi. Finland wakianza saa kumi na mbili na nusu jioni, kwako ni saa moja na nusu usiku, umetoka kazini umeshakula.

Na Ulaya ndipo jibu la swali lako la pili lilipo. Drew LeBlanc wa St. Cloud State alikuwa Hobey Baker 2013, mchezaji bora wa vyuo vyote. NHL alicheza mechi 2 tu, Chicago, kisha akaenda Ujerumani, Augsburg, akajenga maisha ya soka... samahani, ya hoki huko. Éric Perrin alikua pamoja na Martin St. Louis tangu utotoni Laval, Quebec, wakaenda Vermont pamoja. Baada ya kupita Tampa, miaka yake mingi aliicheza Finland. Kuna mashabiki Marekani wanaowahesabu watu hawa kama waliofeli. Mimi hapana. Mtu amesoma, ana digrii, amelipwa kucheza mchezo anaoupenda hadi miaka 35 au zaidi. Wangapi kati yetu?

Namna ya kufuatilia: chagua chuo kimoja, kimoja tu mwanzoni. Fungua orodha ya waliomaliza misimu mitatu iliyopita. Tovuti za Elite Prospects na HockeyDB zinaonyesha kila mchezaji yuko timu gani, msimu kwa msimu, hata kama ni ECHL au Norway. Usiishie kwenye magoli. Beki angalia kama timu inamchezesha mwisho wa mechi wakiongoza kwa goli moja. Kocha akimwamini hapo, atapanda. Kipa angalia anapewa mechi ngapi kwa mwezi, kwa sababu kipa asiyecheza anaoza haraka kuliko mtu yeyote barafuni. Na mtu akishushwa kutoka AHL hadi ECHL usimfute. Wapo wengi waliopanda tena kutoka huko.

Jambo jingine, fuatilia hata waliostaafu. Kyle Okposo, baba yake Mnigeria, alicheza chuo kikuu cha Minnesota cha dada yetu hapo juu, akawa nahodha wa Buffalo, akachukua Stanley na Florida 2024 kwenye mechi yake ya mwisho. Mike Grier wa Boston University alichaguliwa nafasi ya 219 mwaka 1993, akacheza NHL mechi zaidi ya elfu moja, na 2022 akawa meneja mkuu Mweusi wa kwanza katika ligi, San Jose. Mwaka 2024 akapata chaguo la kwanza la drafti, na aliyemchukua ni Macklin Celebrini, wa Boston University, Hobey Baker akiwa na miaka 17. Martin St. Louis tunayemtaja kila mara ni kocha wa Montreal.

#10 Ndugu wa Grand Rapids, Michigan

Hapo kwa Hyman umenishika, nakubali. Lakini nikuulize kitu kinachonitia wasiwasi hata mimi wa chuo kikubwa. Kuanzia Agosti 2025 wachezaji wa ligi za vijana za Kanada wameruhusiwa kucheza vyuo. Zamani walihesabiwa kuwa wamelipwa, mlango ulifungwa. Mwaka ule Gavin McKenna alikwenda Penn State, Porter Martone Michigan State. Vyuo vyenye fedha vitawachukua hao wote. Lowell watabaki na nini? Yule kijana wa Odessa, Texas, atapata nafasi wapi tena?

#11 Mleta uzi

Hili linanikosesha raha kweli, ndugu yangu. Nafasi za chuo haziongezeki, na kila kijana wa Kanada anayeingia ana mtu aliyemtoa. Anayetoka hatakuwa yule wa raundi ya kwanza. Atakuwa kipa wa sekondari ambaye bado anarefuka, beki mdogo wa mwili ambaye angehitaji miaka miwili ya mazoezi ya nguvu. Ni watu wa Lowell hao. Na wachezaji kuhama chuo hadi chuo nako kumekuwa rahisi, kwa hiyo hata ukimlea, akikomaa jirani mwenye fedha anamwita. Hellebuyck wa leo, baada ya msimu wa kuzuia asilimia 95, sijui kama angebaki kwetu mwaka wa pili.

Ila kuna upande mwingine ambao watu hawausemi. Kijana wa Kanada akipita miaka 20 bila mkataba, ligi zile za vijana zinamwacha. Hadi juzi njia yake ilikuwa vyuo vya Kanada, ambako maskauti wa NHL hawafiki sana. Sasa huyo anaweza kuja hapa akiwa na miaka 20 au 21, ameshacheza mechi mia mbili, ana hasira ya kuachwa. Penn State hawatamtaka, wanatafuta akina McKenna. Kocha wetu Norm Bazin alicheza hapa mwenyewe. Aliichukua timu iliyoshinda mechi 5 tu msimu wa 2010-11, na msimu uliofuata ikashinda 24. Huyo ni mtu anayejua kutafuta walioachwa.

Kwa hiyo msimu huu naangalia makipa na mabeki waliokuja Lowell kutoka Kanada wakiwa wamepitwa na drafti. Mechi za nyumbani nitakazokuwepo nitaandika hapa hapa nani anapewa dakika za mwisho, na ndugu wa Grand Rapids ulete za Michigan, dada ulete za Vancouver. Mdau wa Nairobi na wa Dar, chagueni chuo mseme ni kipi.